Mtoto Aliyebaki Garini

Somo la juma hili: Luka 2:41-51



Luka hafichi kitu. Anatueleza kwamba Yosefu na Mariamu, watu wawili ambao Mungu mwenyewe aliwachagua wamlelee Mwanawe, walitembea siku nzima wakirudi Nazareti kutoka kwenye Pasaka bila kujua kwamba mtoto hayuko nao. Hawakuwa walevi, wala hawakuwa wazazi wasiojali. Walikuwa wametoka kuabudu. Kila mmoja aliamini kwamba kijana wao wa miaka 12 yuko mahali fulani kati ya jamaa, labda mbele pamoja na wanaume, labda nyuma pamoja na akina mama na mashangazi. Jioni ndipo walipoanza kuulizana. Wakarudi Yerusalemu, na siku tatu zikapita kabla hawajamwona Hekaluni.

Tumezoea kuhubiri jibu ambalo Yesu aliwapa alipopatikana. Leo naomba tubaki kwenye ile siku moja ya safari, tangu asubuhi hadi jioni, wakati baba alidhani mtoto yuko na mama, na mama alidhani yuko na baba. Sisi wa Uvira tunaijua misafara. Desemba 2025 maelfu ya watu wa mji huu walivuka kwenda Burundi wakikimbia vita, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki, wengine ndani ya magari yaliyojaa magodoro na masufuria, na kila aliyekimbia na watoto anajua jinsi mkono mdogo unavyoweza kuponyoka katikati ya watu. Lakini haihitaji vita. Harusi inatosha. Matanga yanatosha. Ibada ya Jumapili yenye wageni wengi inatosha kabisa.

Jambo lililonifanya nirudi kwenye somo hili ni watoto wanaokufa ndani ya magari yaliyosimama juani. Wako wanaosahauliwa humo, wako wanaoachwa humo kwa makusudi ya dakika chache, na wako wanaoingia wenyewe wakicheza na kushindwa kutoka.

Najua swali litakaloulizwa: mchungaji, katika mji huu wangapi wana gari? Ni kweli, wengi wetu tunatembea kwa miguu au tunapanda pikipiki. Hata hivyo magari yametuzunguka. Yako kwenye foleni ya mpaka wa Kavimvira, abiria wakishuka kupiga mihuri na dereva akihangaika na karatasi za forodha, na mtoto aliyelala anaachwa kwenye kiti ili asisumbuliwe. Yako kwenye bandari ya Kalundu, ambako mtu anasema anaingia mara moja kuulizia mzigo, na ile mara moja inakuwa saa nzima. Yako kwenye gereji za kando ya barabara, magari yaliyokufa zamani, yasiyo na magurudumu, ambayo milango yake inafunguka kutoka nje lakini kutoka ndani haifunguki. Yako kwenye uwanja wa kanisa. Na mtoto ambaye kwao hakuna gari ndiye anayevutwa zaidi na gari, maana hajawahi kushika usukani wala kubonyeza vitufe vile, na siku akikuta mlango uko wazi ataingia na rafiki zake wote.

Mwaka 2020, huko Athi River nchini Kenya, watoto wawili wadogo walitoweka na wakatafutwa. Walikuja kupatikana wamekufa ndani ya gari lililokuwa limeegeshwa katika kituo cha polisi. Fikirini mahali penyewe: uwanja wenye walinzi, watu wakiingia na kutoka kutwa nzima, na gari limesimama pale macho ya wote yakilipita. Septemba 2022, katika mji wa Al Wakrah nchini Qatar, mtoto wa miaka 4 alisinzia ndani ya basi la shule ya chekechea. Waliokuwa na kazi ya kumshusha hawakugundua kwamba amebaki. Basi likafungwa, likaachwa kwenye jua la Ghuba, na walipolifungua baadaye mtoto hakuweza tena kuokolewa. Wizara ya elimu ya nchi hiyo iliifunga shule. Wazazi wake walimvalisha asubuhi wakiamini kwamba wamemkabidhi mikononi mwa watu.

Sisi tunaoishi kwenye barabara ya kitaifa namba 5 tumefundishwa na maumivu kuliogopa gari linalokimbia, na gari linalowaka. Hakuna mtu mzima wa bonde la Ruzizi aliyesahau Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, likashika moto, na zaidi ya watu 230 wakafa, wakiwemo watoto wengi. Tangu hapo, mzazi wa Sange, wa Luvungi au wa Kiliba akisikia lori limeanguka humwita mtoto wake kwa sauti. Lakini gari lililozimwa, lililofungwa, lisilo na mwendo wala moshi, hatuliogopi. Tunaliona ni mahali pa usalama. Mama anamfungia mtoto ndani kwa sababu anampenda: asiibiwe, asikimbilie barabarani, asiende ziwani. Nia ni njema kabisa, nami simlaumu mtu kwa nia hiyo. Nataka tu ajue kinachotokea ndani baada ya mlango kufungwa.

Mwanga wa jua unapenya kwenye vioo na kuchoma viti, usukani na ile sehemu nyeusi iliyo chini ya kioo cha mbele. Vitu hivyo vinapata moto na kuipasha joto hewa iliyo ndani, na hewa hiyo haina pa kutokea. Aliyewahi kukaa saa saba mchana ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari, mlango na dirisha vimefungwa, ameonja kidogo ya hali hiyo, ila gari ni dogo zaidi na vioo vyake ni vingi. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili mwaka 2005 walikuta kwamba katika saa moja joto la ndani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea katika dakika 30 za kwanza. Dakika 10 tu zinatosha kuongeza karibu nyuzi 10. Wakajaribu kuacha vioo vimeshuka kidogo, kama wengi wetu tunavyofanya tukijifariji kwamba mtoto atapata hewa. Haikusaidia kitu cha maana.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2018 katika jimbo la Arizona, ulikuta kwamba gari lililokaa juani saa moja siku ya joto kali lilifika wastani wa nyuzi 47 ndani. Lililokuwa kivulini lilifika karibu nyuzi 38. Basi kivuli nacho hupunguza tu, hakiondoi hatari.

Tena kivuli cha kwetu hakikai mahali pamoja. Jua la Uvira linachomoza upande wa Burundi, juu ya ziwa, na jioni linazama nyuma ya milima. Gari unaloliegesha chini ya mwembe saa tatu asubuhi, ibada inapoanza, likiwa limefunikwa na kivuli, kufikia saa tano linaweza kuwa limebaki wazi kabisa, na wewe uko ndani unaimba. Tuko karibu sana na ikweta, chini kidogo ya nyuzi 4 kusini mwake, kiasi kwamba mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa juu ya utosi wetu. Siku hizo ukuta hautoi kivuli cha kumsitiri hata kuku. Na ule upepo wa ziwa unaotuburudisha tukiwa tumekaa nje unatudanganya, kwa sababu anayeketi kwenye baraza hawezi kuhisi yaliyomo nyuma ya kioo kilichofungwa.

Mwili wa mtoto hauvumilii joto kama wa kwetu. Joto lake hupanda mara tatu hadi tano kwa haraka kuliko la mtu mzima. Jasho lake ni kidogo, maji yaliyo mwilini mwake yanakwisha upesi, na aliye mdogo hajui kufungua mlango wala kushusha kioo. Mwili ukifika nyuzi 40 ubongo unaanza kushindwa kazi. Ukipita 42 viungo vya ndani vinaharibika, na hapo ni mauti. Mtoto mchanga mara nyingi halii kwa muda mrefu. Analegea, analala, na apitaye kando anaona mtoto aliyelala.

Biblia inamfahamu mtoto aliyeangushwa na mchana. Katika 2 Wafalme sura ya 4 yuko yule mwana wa mama Mshunami, mtoto aliyepatikana baada ya miaka ya kungoja. Alikwenda shambani kwa baba yake wakati wa mavuno, pamoja na wavunaji. Ghafla akalia kwamba kichwa kinamuuma. Maandiko hayataji ugonjwa, na mimi sitaki kuyasemesha yasichosema, lakini mtu yeyote aliyelima kwenye tambarare ya Ruzizi wakati wa jua anaelewa kwa nini wafafanuzi wengi wamefikiria jua. Na tazameni anachofanya baba. Haachi kazi. Anamwambia mtumishi ampeleke mtoto kwa mama yake. Mtoto akakaa magotini pa mama hadi adhuhuri, akafa. Sitamhukumu baba yule, maana alidhani ni kichwa tu, na alikuwa na watu wa kuwasimamia. Ila nimewaona akina baba wengi wa namna yake, na pengine wewe pia umewaona: anayejua kwamba kuna mtu mwingine wa kumpelekea mtoto, hivyo macho yake yanabaki kwenye kazi.

Mama Mshunami alimlaza mwanawe kitandani kwa nabii, akatandikiwa punda, akaenda mbio hadi mlima Karmeli kumtafuta Elisha. Mungu akamrudishia mtoto. Ninaliamini neno hilo kwa moyo wote. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi jambo ambalo wachungaji hatulisemi vya kutosha: ukimtoa mtoto ndani ya gari la moto, usianze kwa kumleta kwangu. Anza na maji. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na wakati huohuo mtu mwingine atafute pikipiki au gari la kumfikisha hospitali. Kama amepoteza fahamu usimnyweshe kitu, mlaze ubavu. Utaomba ukiwa unapepea. Mungu anasikia sala ya mtu mwenye ndoo mkononi.

Nasema hivi kwa kuwa nalijua eneo letu. Mtoto akiwa na mwili wa moto, anatapika, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, neno la kwanza vinywani mwetu ni malaria. Na mara nyingi ni malaria kweli. Lakini ukimkuta hivyo ndani ya gari au karibu na gari, mweleze muuguzi ulipomkuta, kwa maana dawa ya malaria haitapunguza joto lile, na saa unazopoteza ndizo zinazoua. Tena mtoto akifa ghafla, bila jeraha, bila kuugua, macho yetu huanza kumtafuta mchawi. Hugeukia mjane wa jirani, mama wa kambo, au mtoto mwingine wa nyumba hiyo ambaye tayari ananung'unikiwa. Ndugu zangu, nawaonya kwa jina la Kristo. Jua na vioo vilivyofungwa vinatosha kumuua mtoto mwenye afya njema. Hapo hapahitaji mchawi, na anayemnyooshea mtu kidole kwa kifo cha namna hiyo anamwaga damu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sasa nigeukie ndugu zetu walio mbali, kwa sababu najua tafakari hii inasomwa simuni hata huko. Familia nyingi za Uvira na Fizi zilipita kambi ya Nyarugusu, Tanzania, au kambi za Burundi, na leo zinaishi Marekani: Texas, Arizona, Kentucky, Ohio, Iowa. Huko kila nyumba ina gari, na umbali kati ya nyumba, kazi na shule ni mkubwa. Wazazi wanafanya kazi za zamu, baba anarudi alfajiri mama anapotoka, na mtoto anapokezwa mlangoni kati ya usingizi wa mmoja na haraka ya mwingine. Katika nchi hiyo watoto wapatao 37 kwa wastani hufa kila mwaka kwa joto la ndani ya magari. Miaka ya 2018 na 2019 kila mmoja ulipita 50. Zaidi ya nusu ya watoto hao walisahauliwa na mtu aliyekuwa akiwatunza, na karibu robo waliingia garini wenyewe. Waliosalia waliachwa na mtu aliyejua kwamba wamo, akifikiri atarudi upesi.

Walisahauliwa na watu wa namna gani? Hapa ndipo nilipoacha kusoma na kuanza kuomba. Ni walimu, wauguzi, askari, wachungaji, wazazi waliosubiri mtoto kwa miaka. David Diamond, mtaalamu wa kumbukumbu wa Chuo Kikuu cha South Florida, amechunguza mikasa hii kwa miaka mingi, na anaeleza kwamba ubongo una kumbukumbu ya mazoea, ile inayokufikisha kazini bila kufikiri, na nyingine ya mpango mpya, kwa mfano leo nimpitishe mtoto kwa shangazi. Mtu akiwa hajalala, ana mawazo, ratiba imebadilika, na mtoto amesinzia kimya nyuma, ile ya mazoea inaweza kuimeza ile nyingine. Mzazi anafika kazini akiamini kabisa kwamba mtoto ameshafikishwa. Anafanya kazi kwa furaha. Wengine hata hutazama picha ya mtoto mezani.

Kuna jambo moja zaidi linalonihuzunisha katika habari hiyo. Miaka ya 1990 Wamarekani waligundua kwamba mifuko ya hewa ya mbele, iliyowekwa kuokoa watu wakati wa ajali, ilikuwa inaua watoto waliokaa mbele. Wakawahamishia nyuma, na wachanga wakawekwa wakitazama nyuma ya gari. Ilikuwa sawa kufanya hivyo, na iliokoa wengi. Lakini mtoto alitoka mbele ya macho ya dereva, na kiti kinachotazama nyuma kinaonekana vilevile kikiwa na mtoto na kikiwa kitupu. Waitalia wamelichukulia jambo hili kwa uzito hata wakaweka sheria, inayotumika tangu 2019, kwamba gari linalobeba mtoto wa chini ya miaka 4 liwe na kifaa cha kumkumbusha dereva.

Isaya aliyajua haya kabla ya magari kuwepo. Katika sura ya 49 Bwana anauliza kama mama anaweza kumsahau mtoto anayenyonya. Sisi tunaposoma swali lile tunajibu haraka, hapana, haiwezekani. Soma mstari wa 15 hadi mwisho. Nabii anakiri kwamba inawezekana, hata mama anaweza kusahau, na asiyesahau ni Mungu peke yake. Tumeuimba mstari huo kama sifa kwa Mungu, nayo ni kweli. Lakini ndani yake kuna habari juu yetu pia. Upendo wa mzazi haumkingi mtoto na usahaulifu wa mzazi. Anayesema mimi siwezi kumsahau mwanangu ndiye niliye na hofu naye, kwa kuwa hataweka alama yoyote ya kumkumbusha.

Niwaambie basi mliokwisha kupoteza mtoto kwa njia hii au kwa njia inayofanana nayo, aliyezama ziwani mlipokuwa sokoni, aliyechukuliwa na mto Mulongwe katika mafuriko ya Aprili 2020 mkono wenu ukiwa umeshika mwingine. Luka hakumwita Mariamu mama mbaya. Kanisa halikumwita hivyo kamwe. Mariamu mwenyewe alisema walimtafuta kwa uchungu, na Injili ikaupokea uchungu ule bila kuuongezea aibu. Mtu akija kwako na maneno ya mahakama wakati wa matanga, mwambie mchungaji amesema anyamaze. Mahakama zipo na zina kazi yake, hasa huko Marekani ambako majimbo kadhaa yanamshtaki mzazi aliyemwacha mtoto garini hata kama hakuumia. Kazi ya kanisa ni kukaa na aliyefiwa.

Kwa sisi ambao watoto wetu wangali hai kuna la kufanya, na halihitaji fedha.

Wenye magari, fungeni milango yote hata gari likiwa nyumbani, na funguo zisikae mahali mtoto anapofikia. Msiegeshe na kuondoka kabla hamjafungua mlango wa nyuma na kutazama, kila mara, hata siku mnayojua kwa hakika kwamba mko peke yenu, maana ni siku kama hiyo inayoua. Weka nyuma kitu usichoweza kwenda bila hicho: simu, mkoba, kiatu cha mguu wa kushoto. Wenye gereji, yale magari yaliyokufa toeni vitasa au fungeni kabisa, na buti zake pia. Madereva wa magari ya abiria, mkifika mwisho wa safari tembeeni hadi kiti cha mwisho. Mkiwa kwenye foleni ya mpaka na abiria wakashuka, mtoto naye ashuke, hata akilia, hata akiwa amelala.

Mnaopokezana mtoto, msipokezane kwa kudhani. Anayemkabidhi aseme, anayepokea ajibu. Na kama ulikuwa umngojee mtoto wa dada yako saa mbili na hajafika, usiseme moyoni labda wameghairi. Piga simu. Mtoto wa Al Wakrah alikosa mtu wa kuuliza tu yuko wapi.

Mtoto akipotea, nendeni kwanza mahali mauti yanapofanya haraka. Jamaa na majirani wataulizwa baadaye. Wengine wakimbilie ziwani na mtoni, wengine wafungue kila gari lililo karibu, mbele, nyuma na kwenye buti, hata lile lenye vumbi ambalo hakuna aliyeligusa tangu mwaka jana. Ukimwona mtoto amefungiwa na mwenye gari haonekani, vunja kioo cha upande, kile kilicho mbali na mtoto. Mwenye gari akikasirika mlete kwangu. Kioo tutakichangia kanisani.

Na sisi wa kanisa tusijitoe. Kwenye ibada zinazochukua saa nne na harusi za kutwa nzima, tunapenda kuwaambia watoto waende nje wasifanye kelele. Nje ni wapi? Ni nani yuko nao? Walimu wa ECODIM, shule yetu ya Jumapili, wanawahesabu wanapoingia, lakini je, wanawahesabu wanapotoka, na wanamkabidhi nani? Nadhani tumewaachia ule msafara, tukiamini kwamba mtoto wa Kikristo kwenye uwanja wa kanisa amekwisha kuwa salama. Yosefu na Mariamu waliamini hivyohivyo, nao walikuwa wanatoka Hekaluni.

Kuanzia Jumapili hii naomba wahudumu wawili wa protokole wapite kati ya magari yote yaliyoegeshwa uwanjani, mara moja baada ya nyimbo za ufunguzi na tena katikati ya mahubiri, wakitazama ndani ya kila kioo. Wakimkuta mtoto, waingie na kunikatiza hapohapo, hata nikiwa nasoma Neno. Na wewe unayesoma haya nyumbani, kabla ya kuendelea na shughuli nyingine, waite watoto wako mmoja mmoja kwa jina na usikie kila mmoja akiitika.